Kubadilisha karo za sakafu ya jikoni bila kung'oa makabati: mwongozo kamili kwa nyumba za Goma

Karo ya jikoni haipasuki bure. Hapa Goma ina maadui wake: kinu cha sombe (majani ya muhogo) kinachotwangiwa palepale kila jioni, mbabula yenye makala mekundu iliyotuliwa chini bila kitu katikati, bidoni ya lita 20 inayotua kwa kishindo, na ardhi yenyewe ambayo haitulii. Ukinunua karo mpya na kuzibandika bila kujua ni adui gani aliyevunja za zamani, mwaka ujao utakuwa tena dukani unatafuta karo za rangi ileile, na hutazipata.

Katika kazi hii mambo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu. La kwanza ni hali ya kilicho chini ya karo. La pili ni mahali sakafu mpya itakapoishia kwenye mguu wa kabati. Yapatie majibu hayo kabla hujashika nyundo.

Chunguza kwanza

Chukua mpini wa bisibisi, piga magoti, gonga kila karo katikati na kwenye kona zake nne. Karo iliyoshika hutoa mlio mfupi na mkavu. Iliyoachana na sakafu hulia kama kibuyu kitupu. Kila inayolia hivyo ichoree msalaba wa chaki, hata kama juu haina ufa. Ukimaliza jiko zima, simama mlangoni uangalie ile michoro ya chaki imekaaje.

Misalaba ikijikusanya mahali pamoja, mara nyingi ni mahali pa kinu au pa mbabula, na sakafu chini yake huenda ni nzima. Ikitawanyika kila mahali, karo zilibandikwa vibaya tangu mwanzo. Lakini ukiona ufa mmoja unaopita karo baada ya karo, unavuka viungo kana kwamba havipo, hapo karo haina kosa: sakafu ya chini yake ndiyo imepasuka.

Nyumba nyingi zina ufa wa aina hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea siku nyingi, nyufa zikafunguka barabarani na majumbani, na tarehe 27 Mei sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Ufa wa namna hiyo unaweza kuwa umetulia, unaweza pia kuwa bado unatembea. Kuna njia rahisi ya kujua: toa karo moja juu ya ufa, safisha simenti, paka kipande chembamba cha plasta ya jasi kinachovuka ufa, kiandikie tarehe kwa penseli, kisha kiache wiki chache. Kikibaki kizima, endelea na kazi. Kikikatika, usiweke karo bado. Na kama upande mmoja wa ufa umepanda kuliko mwingine, au ufa unaendelea ukutani, mwite mtu anayejua nyumba kabla ya kumwita mtu wa karo.

Jambo jingine ni la usalama, na ninaliweka hapa kwa makusudi. Magharibi ya mji, kuelekea Sake na kando ya ziwa, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, inayotulia mahali pa chini. Mtu anayetoa karo anafanya kazi kwa magoti, kichwa kikiwa karibu na sakafu, na huenda ndiye anayefungua ufa uliokuwa umezibwa. Acha mlango na madirisha wazi muda wote, usifanye kazi peke yako, na watoto wasicheze chini hapo. Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama utoke nje mara moja. Usijipime kwa mshumaa: mpaka unapozimika, gesi tayari ni nyingi kiasi cha kukuangusha. Nyumba yenye historia ya mazuku ni ya kuripotiwa kwa wataalamu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, si ya kuzibwa kwa karo.

Kabati lako limesimama juu ya nini?

Toa kwanza ule ubao mwembamba wa chini, plente, unaoziba nafasi kati ya kabati na sakafu. Mara nyingi umeshikwa kwa vibanio na hutoka ukiuvuta kwa mikono miwili. Lala chini na tochi, utazame. Utakuta moja ya hali tatu.

Kuna makabati ya miguu ya plastiki inayopandishwa na kushushwa kwa kuzungusha. Haya ndiyo mepesi, kwa sababu unaweza kupitisha karo mpya chini yake mpaka nyuma ya miguu ya mbele. Fanya mguu mmoja kwa wakati: weka vipande viwili vya mbao ngumu chini ya kabati, jirani na mguu, uvikaze mpaka vibebe uzito, zungusha mguu upande juu, toa karo ya zamani, safisha, weka mpya, subiri ikauke hadi kesho yake, rudisha mguu chini, ndipo uhamie mguu wa pili. Ni kazi ya polepole, lakini usiinue kabati lote kwa pamoja, hasa kama juu kuna jiwe zito lenye tundu la kusafishia vyombo. Jiwe hupasuka kwenye kona za tundu hilo, mahali lilipo jembamba, na gharama yake itazidi ya sakafu nzima.

Kuna makabati yaliyotengenezwa na seremala wa mtaani, ya mbao, yanayokaa moja kwa moja juu ya karo. Hapa unakata karo za zamani kwa kufuata uso wa kabati, unaacha zilizo chini yake zibaki zikilibeba, na sakafu mpya inaishia hapo. Zile za chini zigonge pia kadiri unavyofikia. Kama zinacheza, kabati litashuka siku moja. Na angalia mbao za chini: zikiwa zimevimba na kuwa laini, maji yanavuja kutoka bombani au yanapita chini wakati wa kudeki. Rekebisha hilo kwanza.

Na kuna meza za kujengwa kwa matofali na zege, zenye milango ya mbao tu. Hizo hazina hatari. Kata kando ya ukuta wake na uache nafasi ya milimita 5.

Wengine watakushauri ubandike karo mpya juu ya za zamani ili usisumbuke na makabati. Inawezekana, lakini kwa sharti moja: kila karo ya zamani iwe imeshika, na pasiwe na ufa unaotembea. Hata hivyo sakafu itapanda sentimita moja na zaidi. Mlango utakwama, plente haitarudi mahali pake, friji iliyoingia kwa kubana chini ya kabati la juu haitaingia tena. Katika jiko ambalo tayari lina karo zinazolia, mimi sikubali njia hiyo.

Ununuzi na matayarisho

Pima eneo kwa kutoa nafasi ya makabati, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya karo zitakazokatwa na kuvunjika. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye makabati ukuta mmoja, upana wa sentimita 60, hubaki na mita za mraba 7.2, ukiongeza unapata karibu 8. Karo za 60 kwa 60 huja nyingi katika katoni ya vipande 4, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo katoni 6 zinatosha. Mimi ningechukua 7 na kuificha moja nyuma ya mlango wa chumba. Kabla ya kulipa, soma kila katoni: namba ya rangi na namba ya kipimo ziwe zilezile. Karo mbili zenye jina moja lakini namba tofauti zikikaa pamoja huonekana mara mwanga wa dirisha unapozipiga.

Kwa jikoni chagua zisizong'aa sana. Karo ya kung'aa yenye mafuta na maji juu yake inamwangusha mama aliyebeba sufuria ya moto.

Simenti-kola, ile ya mfuko ya kubandikia, hutumika kilo 5 hadi 6 kwa mita ya mraba ukitumia mwiko wa meno ya milimita 10. Kwa jiko la mfano wetu mifuko miwili ya kilo 25 inatosha. Nunua pia visalaba vya plastiki vya milimita 3 vya kutenganisha karo, jointi (unga wa kujazia viungo) ya rangi utakayo, mrija wa silikoni, diski ya almasi, tindo, nyundo ya mpira, miwani na barakoa nzuri. Vumbi la karo na zege lina silika, na silika huharibu mapafu polepole. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Usianze siku ambayo huna akiba ya maji. Jaza mapipa tangu jana yake, kwa sababu simenti-kola iliyokwisha changanywa haingojei mabomba yafunguliwe. Kwa kuchanganya, mimi hupendelea maji ya mvua kuliko ya ziwa: maji ya Kivu yana chumvi, na chumvi hupenda kutokea baadaye kama ukungu mweupe kwenye viungo. Umeme nao utakatika. Azima au kodi mashine ya mkono ya kukatia karo, ile ya gurudumu na mpini. Mikato yote iliyonyooka inafanyika kwayo, na mashine ya diski inabaki kwa kona tu.

Kuzitoa

Toa vyombo vyote kabatini, hata vya kabati za juu, maana mtikisiko huviangusha. Fungua milango ya chini na uiweke pembeni. Funika makabati kwa plastiki na uibandike kwa utepe. Funga gesi. Ujue pia bomba la maji machafu la jikoni linapita wapi, kwani katika nyumba nyingi limelala ndani ya tabaka la simenti chini ya karo.

Anza na mstari wa makabati. Weka alama, lowesha, kata kwa diski kina cha karo tu, karibu sentimita moja. Mashine ya diski haigusi uso wa kabati; kinga yake huiacha umbali wa vidole viwili hivi. Usiivue kinga hiyo ili usogee karibu. Kata pale inapofika, kisha malizia kipande kilichobaki kwa tindo nyembamba, ukigonga kidogokidogo kuelekea nje, mbali na kabati. Kwenye kona za ndani diski haifiki pia. Fanya vivyo hivyo.

Mstari ukishakatwa, vunja karo moja iliyo katikati ya jiko, ambayo tayari inalia. Ingiza tindo chini ya jirani yake ukiwa umeilaza, si kuisimamisha, na uzifuate moja baada ya nyingine kuelekea mstari. Ule mkato ndio utakaozuia mtikisiko usipite chini ya makabati.

Karo ya kwanza ikitoka, igeuze uitazame mgongo. Mara nyingi utaona mafungu matano ya simenti, manne kwenye kona na moja katikati, na kati yake karo ni safi kama siku ilipotoka katonini. Huko kusafi ndiko kulikokuwa na hewa, na huko ndiko kinu kilikoivunja. Fundi aliyeweka hivyo alimaliza upesi na sakafu ilionekana imenyooka siku ya kulipwa. Kumbuka picha hiyo, kwa sababu utaihitaji wakati wa kuweka mpya.

Sakafu ya chini

Kwangua simenti yote ya zamani, zoa, kisha futa kwa kitambaa kibichi. Weka ubao ulionyooka wa mita 2 kila upande. Mwanga ukipita chini yake zaidi ya milimita 3, jaza mabonde kwanza na uache yakauke; usiyaachie simenti-kola.

Ufa uliotulia upanue kwa tindo uwe na umbo la V, toa vumbi, lowesha, jaza simenti na mchanga laini. Kama una wasiwasi nao, panga viungo vya karo vifuate njia yake, na kiungo hicho ukijaze silikoni badala ya jointi ngumu, ili ukisogea kidogo usivunje kitu.

Wakati mwingine tindo inazama. Chini ya karo unakuta sentimita mbili tatu za simenti, na chini yake mawe meusi ya volkano yaliyomwagwa tu, na nafasi tupu katikati. Hapo hakuna cha kubandika. Chimba sehemu hiyo, jaza nafasi kwa changarawe ndogo, shindilia mpaka mawe yasicheze, mwaga zege la sentimita 8 hadi 10, lifunike na ulimwagilie maji siku 7 za mwanzo. Zege jipya huendelea kukauka na kujikunja kwa takriban siku 28, na karo iliyobandikwa mapema juu yake huachia. Ndiyo, mtapikia uani kwa mwezi. Bado ni nafuu kuliko kurudia.

Kupanga na kukata

Panga karo kavu kabla ya kuchanganya chochote. Jicho la anayeingia jikoni linakwenda kwenye mstari wa mlangoni na ule wa mbele ya makabati, kwa hiyo karo nzima zianzie huko, na zilizokatwa ziende chini ya plente na nyuma ya friji. Ukibakiwa na kipande chembamba cha sentimita 4 upande mmoja, sogeza mpango wote nusu karo.

Kuta za nyumba zetu ni chache zilizo na pembe sawasawa. Piga mstari wako kwa uzi, na pembe uipime hivi: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima uzi usome 100. Fuata mistari yako, usifuate ukuta.

Karo ya kuzunguka kona ya kabati inahitaji umbo la L. Kata kwanza karatasi ngumu ya katoni, ijaribu mahali pake, kisha ichore juu ya karo. Toboa tundu dogo kwenye pembe ya ndani kabla ya kukata pande mbili, la sivyo ufa utaanzia hapohapo, leo au siku kinu kitakaporudi. Acha milimita 5 kati ya karo na kabati, na kati ya karo na ukuta. Nafasi hiyo si uzembe. Sakafu hupanuka na kujikunja, na isipopata pa kupumulia huinuka katikati.

Kubandika

Mwaga maji kwanza kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kisha unga. Changanya hadi mabonge yaishe, subiri dakika 5 hadi 10, changanya tena. Usichanganye mfuko mzima kama uko peke yako. Ikianza kuwa ngumu kwenye ndoo, itupe. Kuiongezea maji ni kuinyang'anya nguvu.

Paka kwa upande laini wa mwiko, ukikandamiza, kisha pitisha meno kwa mistari iliyonyooka, yote upande mmoja. Usipake zaidi ya eneo la karo mbili au tatu, maana baada ya dakika 20 hivi juu huota ngozi na haishiki tena. Jua likiingia mlangoni ni mapema zaidi. Karo za 60 kwa 60 zipake pia tabaka jembamba mgongoni. Weka karo, ikandamize ukiisogeza kidogo kukatisha ile mistari ili hewa itoke, gonga kwa nyundo ya mpira, weka visalaba, pima kwa pimamaji.

Karo ya tatu au ya nne ing'oe uitazame mgongo. Inapaswa kuwa imefunikwa karibu yote, hasa kwenye kona. Ukiona mistari ya meno bado imesimama, hujakandamiza, au simenti-kola imeshaota ngozi. Rudia. Dakika hiyo moja ndiyo tofauti kati ya sakafu hii na ile uliyoitoa.

Kama jiko linadekiwa kwa ndoo za maji na lina mlango wa uani, lipe mteremko wa sentimita moja kwa mita kuelekea huko. Anza kando ya makabati ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, usije ukajifungia. Juu yake mtu asipite kwa saa 24.

Viungo na kurudisha vitu

Kesho yake toa visalaba, kwangua simenti-kola iliyopanda katikati ya karo, sukuma jointi ndani kwa kibao cha mpira ukienda kwa mshazari. Futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Sponji yenye maji mengi huosha rangi na kuacha viungo dhaifu. Kando ya makabati, ya meza ya zege na ya ukuta usitie jointi. Hapo weka silikoni baada ya kila kitu kukauka, na maji ya kudeki hayataingia tena chini ya mbao.

Plente irudishe mwisho. Kama sakafu imepanda kidogo, ipunguze upande wa juu, usiondoe ule wa chini wenye mpira wa kuzuia maji. Friji na jiko vipitishe juu ya ubao, visiburutwe.

Mbabula iwekee tofali mbili au bamba la jiwe chini yake, lenye nafasi ya hewa kupita. Kinu kipeleke uani, na kama mvua inakulazimisha kutwangia ndani, kiweke juu ya gunia lililokunjwa mara nne, katikati ya karo, mbali na kona zake, na si kabla ya wiki moja kupita.